Dodoso la mitindo ya kujifunza si mhuri

Dodoso la VARK la Neil Fleming, linalowagawa wanafunzi katika wa kuona, wa kusikiliza, wa kusoma na kuandika, na wa kutenda, lina maswali 16, na linauliza mtoto anapenda nini, si anaweza nini. Hapo ndipo tunapoteleza: mwanafunzi wa Wete akishaandikwa "wa kusikiliza", daftari analiweka chini. Mapitio ya tafiti ya mwanasaikolojia Harold Pashler na wenzake ya mwaka 2008 hayakukuta ushahidi wa kutosha kwamba kumfundisha kila mtu kwa mtindo wake kunamzidishia kufaulu.

Dodoso lijazeni, lakini liwe la kuanzishia mazungumzo: "Unadurusu vipi?" Njia ichaguliwe na somo. Bamvua na maji mafu (vipindi vya kujaa na kupwa sana au kidogo kwa bahari) huchorwa, kisha darasa zima likatazame pwani. Tajwidi, kanuni za kusoma Kurani, ni sikio na ulimi, hata kwa aliyejiita wa picha. Baada ya siku 3, maswali 5 bila ya daftari. Aliyekosa matatu arudie kesho yake.