Mtoto wa bweni akitoka getini, anakabidhiwa kwa nani?

Tumsifu Yesu Kristo wapendwa. Naandika kama mzazi mwenye mtoto kwenye shule ya Kanisa huku Mwanza, na naipenda hiyo shule kwa moyo wote, nasema hivi mapema maana wapo watakaosema nalichafua Kanisa. Tumewapeleka watoto kule kwa sababu ya sala, nidhamu na ufaulu, sawa kabisa, ila kumwamini sista au padre hakutoshi kumlinda mtoto, lazima awepo mtu anayejulikana kwamba kazi hii ni yake.

Chukulia siku ya kufunga shule. Watoto wa Ukerewe, wa Sengerema, wa Kome, wote wanatoka asubuhi moja, getini pamejaa bodaboda, anatokea kijana anasema mi anko wake nimetumwa na mama yake, mlinzi anamwachia mtoto. Jamani, anko yupi huyo? Mzazi aandike mwenyewe majina na namba za watu wanaoruhusiwa kumchukua mwanae, asiyekuwemo apigiwe mzazi kwanza, na simu isipopatikana mtoto arudi bwenini kwa matroni hata kama kivuko kitaondoka. Bora alale shule siku moja zaidi. Na shule zilizo karibu na ziwa zisitume watoto kuchota maji wala kufua kule, mbali na kuzama kuna kichocho.

Kinachoniuma zaidi ni hii tabia ya "tuyamalize wenyewe". Mtoto kasema mtu mzima kamshika vibaya, kinaitwa kikao ofisini, wazazi, mtuhumiwa, na wazee wawili wa parokia, yanaombwa yaishe kwa amani, mwezi ujao yule mtu anafundisha shule nyingine. Sa hapo kalindwa nani?

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii yeyote mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa azipeleke serikali za mitaa. Kwa hiyo ni afisa ustawi wa jamii, dawati la jinsia na watoto polisi, au piga 116, ni bure. Kama kuna ukatili wa kingono apelekwe hospitali haraka, asiogeshwe kwanza, nguo zisifuliwe, na asiulizwe maswali yaleyale na kila anayeingia ofisini, atachoka atanyamaza.

Na Kanisa lenyewe halijasema tufiche. Papa Fransisko alitoa sheria ya Kanisa iitwayo Vos estis lux mundi mwaka 2019, na mwaka 2023 akaifanya ya kudumu: padre au mtawa akijua jambo kama hili lililofanywa na mwenzake lazima atoe taarifa kwa wakuu wa Kanisa, aliyetoa taarifa asilazimishwe kukaa kimya, na wajibu wa kuripoti kwa sheria za nchi uko palepale. Sasa anayekwambia hii ni siri ya Kanisa anaitoa wapi? Mtuhumiwa akiwa ni mpishi, dereva au mwalimu mlei ndio kabisa, hiyo ni kesi ya polisi, haisubiri ruhusa ya parokia.

Kikao cha wazazi kijacho, kabla hatujafika kwenye ada na sare, nitaomba tutajiwe mwalimu anayeshughulikia usalama wa watoto, jina lake na namba 116 vibandikwe kila bweni, na watoto wenyewe waambiwe wanaweza kumsemea mtu yeyote, hata aliyevaa kanzu au shela. Wazazi wenzangu mliopo huku, mnaniunga mkono?