Mizani ya Ijumaa asubuhi

Mtu akiacha wanga Jumatatu, ikifika Ijumaa asubuhi mizani imeshuka kilo 2, wakati mwingine na zaidi. Asubuhi tamu sana hiyo. Nimekaa kuiwaza leo kwa sababu ndiyo inayovuruga mjadala mzima wa wanga: aliyeipitia huamini amepata dawa, na wiki tatu baadaye mizani ikigoma, huamini dawa imemwishia nguvu. Kumbe tangu mwanzo alikuwa akipima kitu kingine.

Ini la mtu mzima huweka akiba ya sukari ya gramu 100 hivi, na misuli yote kwa pamoja gramu 400 hivi. Akiba hiyo huitwa glaikojeni, nayo haikai kavu: kila gramu hushika maji ya takriban gramu 3. Piga hesabu. Gramu 500 za akiba na kilo moja na nusu ya maji, jumla kilo 2. Wanga ukikatwa, mwili huichota akiba hiyo kwa siku chache na maji yake hutoka nayo. Tena insulini, homoni inayosimamia sukari ya damu, inashuka, na ikishuka figo huachia chumvi, chumvi nayo huondoka na maji. Ndiyo maana siku za mwanzo safari za kukojoa haziishi. Mafuta yenyewe yaliyoondoka kati ya Jumatatu na Ijumaa, kwa anayekula kalori 500 pungufu kila siku, hufika robo kilo tu.

Upande wa pili wa hesabu ndio unaosikitisha. Jumamosi kuna sherehe, mtu anakula wali, Jumapili mizani imepanda kilo moja na nusu, Jumatatu ameshakata tamaa. Lakini kilo moja ya mafuta ya mwilini ina kalori zipatazo 7,700. Ili kilo moja na nusu iwe mafuta kweli, angelazimika kula kalori zaidi ya 11,500 juu ya mahitaji yake, yaani wali uliopikwa karibu kilo 9. Hata kwa mlaji hodari, hiyo si sahani, ni sufuria la shughuli nzima.

Sasa, wanga upunguzwe au usipunguzwe? Kwa watu wengi nasema upunguzwe, ila kwa sababu isiyo na mbwembwe: ndiko kalori za bure zinakojificha, hasa zile zinazoteremka kooni bila kutafunwa.

Maelezo yanayopendwa zaidi ni yale ya insulini. Wanga hupandisha insulini, insulini hufunga mlango wa mafuta, kwa hiyo mla wanga hapungui hata ale kidogo. Nusu ya kwanza ni kweli. Insulini hupunguza kasi ya mafuta kutoka kwenye hifadhi yake. Nusu ya pili ilipopimwa haikusimama. Mwaka 2015 Kevin Hall na wenzake, katika Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, waliwaweka watu 19 wenye unene kwenye wodi ya utafiti, kila mmoja akapitia dayati mbili zenye upungufu sawa wa kalori: moja wanga umepunguzwa, nyingine mafuta yamepunguzwa. Insulini ilishuka kwenye ile ya wanga kidogo, kama ilivyotarajiwa, lakini mafuta ya mwilini yalipungua zaidi kidogo kwenye ile nyingine. Zilikuwa siku 6 tu kwa kila dayati, kwa hiyo siujengei nyumba utafiti huo. Ninaoutegemea zaidi ni ule wa Chuo Kikuu cha Stanford ulioongozwa na Christopher Gardner na kuchapishwa mwaka 2018: watu 609, miezi 12. Kundi la wanga kidogo lilipungua wastani wa kilo 6.0, la mafuta kidogo kilo 5.3, tofauti ambayo kitakwimu si tofauti. Walitazama pia kama jeni, au kiasi cha insulini anachotoa mtu, vingetabiri nani afuate dayati ipi. Havikutabiri. Jambo ambalo wasimuliaji wa utafiti huo huliruka ni hili: makundi yote mawili yaliambiwa yaachane na sukari ya kuongezwa na unga uliokobolewa, na kula mboga nyingi. Yaani wanga mbaya ulikatwa pande zote mbili.

Basi anayeacha wanga na akapungua kweli, kapunguaje? Kwanza, biskuti, keki, chipsi na soda zimemtoka bila yeye kuhesabu kalori hata moja, na vingi kati ya hivyo vilikuwa na mafuta mengi pamoja na wanga, ingawa lawama zote hubebeshwa wanga. Pili, nafasi iliyobaki huwa anaijaza kwa mayai, samaki au nyama, na protini hushibisha. Wengine, wakishuka chini ya gramu 50 za wanga kwa siku, ini huanza kutengeneza ketoni, nishati itokanayo na mafuta, na njaa hutulia. Si wote.

Viwango vyenyewe ni hivi. Anayekula kalori 2,000 kwa siku na nusu yake ikatoka kwenye wanga, anakula gramu 250, kwa kuwa gramu moja ina kalori 4. Chini ya gramu 130 kwa kawaida ndiyo huitwa wanga kidogo. Chini ya 50 ni keto. Maoni yangu ni kwamba asiye na sababu ya kitabibu hana haja ya kuanzia keto. Kati ya gramu 130 na 150 panatosha kuleta tofauti, na ni mahali ambapo mtu anaweza kuishi mwaka mzima bila kuwa kero mezani.

Ningeanza na kikombe kabla ya sahani. Soda ya mililita 330 hubeba sukari gramu 35 hivi, karibu vijiko 9 vya chai, na tumbo haliihesabu kama chakula. Baada yake mtu hula kama kawaida. Vikombe vinne vya chai vyenye vijiko viwili kila kimoja ni gramu 32 nyingine. Juisi ya matunda, hata ya kukamua nyumbani, iko kundi hilohilo: glasi moja ina sukari ya machungwa mawili au matatu, na nyuzinyuzi zimebaki kwenye chujio. Kula chungwa lenyewe. Shirika la Afya Duniani linataka sukari ya kuongezwa, pamoja na ile ya juisi na asali, isizidi asilimia 10 ya kalori za siku, na ikiwezekana ishuke chini ya 5. Kwa kalori 2,000 hiyo ni gramu 50, au 25. Soda moja tayari imeivuka 25. Kwa vinywaji peke yake wapo watakaoondoa kalori 300 kwa siku na wali wao haujaguswa.

Sahani inafuata. Nusu yake mboga zisizo na wanga mwingi, robo protini, robo wanga, na robo hiyo ni kama ngumi ya mlaji mwenyewe. Wali uliopikwa gramu 150 una wanga gramu 42 hivi. Kipande cha mkate, 13 hadi 15. Viazi vya kuchemsha gramu 150, kama 30. Ndizi mbivu ya wastani, 27. Milo mitatu yenye gramu 35 hadi 40 za wanga, na tunda moja, na umefika.

Hapa kuna kosa dogo linaloharibu hesabu za watu makini. Gramu 100 za mchele mkavu zina wanga wa gramu 80. Zikipikwa zinafyonza maji na kuwa wali wa karibu gramu 280. Kwa hiyo gramu 100 za wali zina wanga wa 28 tu. Anayepima wali kwenye sahani halafu akaandika namba ya mchele, anajihesabia karibu mara tatu na kulala na njaa bure. Anayefanya kinyume anashangaa kwa nini hapungui. Chagua upande mmoja, mkavu au uliopikwa, usichanganye.

Maharage na dengu nisingevigusa. Ndiyo, gramu 100 za maharage yaliyopikwa zina wanga wa gramu 20 na ushee, ila kama 7 ni nyuzinyuzi na juu yake kuna protini 8 au 9. Kuyafukuza kwa jina la wanga na kuacha biskuti za "keto" kabatini ni kichekesho.

Dayati hii inapoharibika, mara nyingi inaharibikia kwenye mafuta ya kupikia. Kijiko kimoja cha chakula kina gramu 14 za mafuta, kalori 120 hivi, zaidi ya kipande cha mkate. Mtu ameondoa vipande viwili vya mkate, akakaanga mayai kwa vijiko viwili vya mafuta, akamalizia na konzi mbili za karanga: konzi ya gramu 30 ni kalori 170. Wanga umeshuka, kalori zimepanda. Kumimina kutoka kwenye chupa hakupimiki kwa jicho. Tumia kijiko kwa wiki mbili na jicho litajifunza lenyewe.

Protini nayo husahaulika. Anayepunguza uzito anahitaji gramu 1.2 hadi 1.6 kwa kila kilo ya mwili ili asipoteze misuli pamoja na mafuta, yaani mtu wa kilo 80 anahitaji 96 hadi 128 kwa siku. Mayai mawili ya asubuhi ni gramu 12 tu. Choo kikiwa kigumu, mboga na maji vimepungua; lengo ni nyuzinyuzi gramu 25 kwa siku au zaidi. Kichwa kuuma, kizunguzungu ukisimama na misuli kukaza katika wiki ya kwanza, mara nyingi ni ile chumvi na maji vilivyotoka. Mchuzi wenye chumvi kidogo husaidia, lakini si kwa mwenye presha, moyo au figo bila kumuuliza daktari wake.

Na kuna watu ambao hawapaswi kujaribu peke yao. Mwenye kisukari anayechoma insulini au kumeza vidonge vya glibenklamaidi au gliklazaidi, akikata wanga ghafla bila dozi kurekebishwa, sukari inaweza kushuka hadi akazimia. Anayetumia dapagliflozini au empagliflozini, nazo ni dawa za kisukari, anaweza kupata asidi ya ketoni kwenye damu hata kipimo cha sukari kikionyesha kawaida. Huyo keto si yake. Dawa za presha pia huenda zikahitaji kupunguzwa uzito unaposhuka. Mjamzito, anayenyonyesha, na aliyewahi kuwa na ugonjwa wa kujinyima au kula kupindukia waanzie kwa mtaalamu. Mwenye kisukari aina ya 2 ana sababu nzuri ya kupunguza wanga, kwani sukari ya damu hushuka, ila na daktari pembeni.

Kuhusu kujipima: asubuhi, baada ya chooni, kabla ya kula, kisha chukua wastani wa siku 7. Linganisha wastani na wastani, usilinganishe Ijumaa na Jumapili. Kiuno kipimwe kila wiki mbili usawa wa kitovu, tumbo likiwa limelegea. Wiki ya kwanza usiihesabu kabisa. Kama kuanzia wiki ya pili hadi ya tano wastani haujasogea, rudi kwenye kijiko cha mafuta na konzi ya karanga kabla hujapunguza wali tena.

Ukifika uzito unaoutaka na ukataka kuongeza wanga, ongeza gramu 20 hadi 30 kwa siku, ukae hapo wiki moja, ndipo uongeze tena. Mizani itapanda, pengine kilo nzima, na kiuno kitabaki palepale. Glaikojeni inarudi na maji yake.