Supachaja au throto nne: nilivyoamua kwa Corolla yangu hapa Tanga

Corolla yangu ni AE100, iliyotoka kiwandani na injini ya 5A-FE ya cc 1498. Kwa mizunguko ya mjini, Chumbageni, Ngamiani, Raskazone, gari halikuwa na neno: lilikula mafuta kidogo na spea zake zimejaa madukani. Shida ilikuwa Lushoto. Ukweni kwangu ni huko, tunapanda watu wanne na mizigo, na tukirudi buti limejaa viazi na maboga. Kutoka Mombo ni kilomita 33 za kona juu ya kona, na hukosi kukuta Fuso ya saruji mbele yako inajivuta kwa gia ya kwanza. Kuipita pale, kiyoyozi kimewashwa na mashemeji wamekaa nyuma, kulihitaji moyo. Nikaamua injini ibadilike.

Vijana wa magari wakikaa gereji, ubishi ni uleule: huyu anasema supachaja, yule anasema throto nne. Supachaja ni pampu ya hewa inayozungushwa na mkanda kutoka kwenye kranki, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni, nayo inaishindilia hewa ndani ya silinda. Throto nne ni njia nyingine kabisa. Badala ya injini nzima kupumua kwa mlango mmoja, kila silinda inapewa mlango wake karibu na vali, kile kifuniko kinachofunguka kuingiza hewa. Hakuna kinachoshindilia kitu; hewa inavutwa na pistoni tu, ila njia ni fupi na nyoofu, kwa hiyo ukikanyaga mafuta injini inaitika papo hapo. Tabo niliiweka kando mapema, maana sikutaka kusubiri moshi wa eksozi uzungushe feni ndipo nguvu ije.

Kuna waliotaka nifunge throto nne kwenye 5A-FE hiyohiyo. Nilikataa. Kamu, yaani mhimili unaofungua vali, na njia za hewa za injini ile zimetengenezwa kwa mwendo wa chini na wa kati. Kuipa milango minne hakuwezi kuifanya imeze hewa inayozidi uwezo wake. Na kuifungia supachaja bila kugusa pistoni pia kuna hatari, maana kompresheni yake, yaani kiwango ambacho pistoni inabana hewa, ni ya injini inayopumua yenyewe. Kila upande ulidai injini iliyojengwa kwa ajili yake.

Bahati nzuri Toyota walishazijenga zote mbili kutoka ukoo mmoja wa 4A, cc 1587. Ya supachaja ni 4A-GZE, iliyoanza mwaka 1986. Ya throto nne ni 4A-GE ya vali 20, iliyotoka mwaka 1991 ikiwa na kava la rangi ya fedha, kisha mwaka 1995 ikaja ya kava jeusi. Ukisoma nguvu farasi peke yake hutatoka na jibu: GZE za baadaye zimeandikwa 165 hadi 170, kava jeusi 165. Tofauti iko kwenye toki, ile nguvu ya kuvuta. GZE inatoa nyutoni mita 206 kwenye mizunguko 4400 kwa dakika. Kava jeusi inatoa 162, tena mpaka ufike 5600, na nguvu zake zote unazipata 7800.

Rafiki yangu mmoja ana hiyo ya kava jeusi, akanipa niendeshe barabara ya Horohoro. Sitasahau raha yake. Mguu ukigusa tu, gari limeshasikia, na ukifika mizunguko 6000 mlio wa zile tarumbeta nne, midomo ya kuvutia hewa, unajaa gari zima. Nilimwona pia akizilinganisha throto: mpira mwembamba, ncha moja sikioni na nyingine kwenye mdomo wa throto, anasikiliza mluzi wa hewa, anahamia ya pili, anageuza skrubu kidogo mno, anarudi ya kwanza. Mluzi ukifanana kote, injini inatulia ikiwa sailensi, yaani ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta. Ni kazi ya subira, na inarudiwa kila baada ya muda. Kwa barabara zetu za mashamba ya mkonge, vumbi jekundu lile, midomo minne nayo inadai chujio zuri la hewa, la sivyo unasaga silinda zako mwenyewe.

Moyo ulinivuta huko, sifichi. Lakini kabla ya kulipa hela nilitaka kujua injini yangu inaishi kwenye mizunguko mingapi hasa. Nikafunga mshale wa mizunguko juu ya dashibodi, nikampa mpwa wangu daftari, akakaa kiti cha mbele akisoma na kuandika njia nzima. Segera hadi Mombo alikuwa akiandika 2500, 2800, 3000. Kutoka Mombo kupita Soni ikawa 3000 hadi 4500. Namba zinazozidi 5500 zilikuwa chache mno, na zote nilizilazimisha kwa kushikilia gia ya pili. Lile daftari ndilo lililoamua. Injini ya vali 20 inaanza kuchangamka pale ambapo mimi kwa kawaida nabadilisha gia.

Halafu kuna mwinuko. Tanga mjini tuko usawa wa bahari, kanieneo ya hewa ni kilopaskali 101. Lushoto iko kama mita 1400, na huko inashuka hadi karibu 85. Injini inayopumua yenyewe inapoteza sehemu hiyo ya nguvu zake palepale mlimani. Supachaja nayo hupungukiwa, watu wasikudanganye, kwa sababu inakamata hewa hiyohiyo nyepesi. Ila ikiizidisha mara moja na nusu unapata kilopaskali 127 na ushei, juu kuliko hewa ya ufukweni. Supachaja ya GZE, iitwayo SC12, inasukuma takriban lita 1.2 kila inapozunguka mara moja, wakati injini ya cc 1587 inahitaji kama lita 0.8 tu kwa kila mzunguko wa kranki. Ziada hiyo ndiyo inayokupandisha mlima.

Hofu yangu ilikuwa joto letu la Februari. Mzee mmoja anayetengeneza injini pale Ngamiani nilimpelekea swali hilo.

"Mwanangu, supachaja ikishindilia hewa inaipasha moto," akaniambia. "Hewa ya moto na petroli ya wasiwasi, injini itagonga, yaani mafuta yatalipuka ovyo ndani ya silinda, na ikigonga, pistoni haina muda."

"Sasa nifanyeje, mzee wangu?"

"Tafuta injini yenye kompresheni ya chini kuliko hiyo yako, na intakula, kile kipoza hewa, isipungue hata bomba moja. Puli ya supachaja iache kama ilivyotoka. Vijana wanafunga ndogo ili izunguke kasi, hapo ndipo wanapoua injini."

Nikafuata neno kwa neno. GZE niliyoipata Dar es Salaam, baada ya kusubiri sana, ina kompresheni ya 8.9 kwa 1, na niliichukua nzima: kontroli boksi, waya zote, intakula, sensa ya kugonga, na giaboksi yake ya familia ya E pamoja na ekseli. Giaboksi niwasisitizie. Hizi za kawaida za familia ya C hazikukusudiwa kubeba toki ya GZE, na wengi wanaosahau hilo bajeti yao huishia kwenye gia. Intakula inakaa juu ya injini, kwa hiyo boneti ilibidi itobolewe na kuwekewa mdomo wa hewa. Rejeta nayo niliweka nene zaidi. Namba ya injini nilikwenda kuibadilisha kwenye kadi ya gari TRA kabla ya safari yoyote ndefu.

Safari ya kwanza ya Lushoto, gari zima likiwa limejaa, nilisimama Soni, nikaiacha injini ipoe, nikafungua plagi moja moja. Nilikuwa natafuta chembe ndogo zinazong'aa kwenye kaure nyeupe, maana hizo ni alumini ya pistoni, dalili ya kugonga. Kaure zote zilikuwa safi, rangi ya chai ya maziwa. Nilizifunga nikiwa na furaha ambayo mke wangu hakuielewa.

Sasa Fuso naipita kwa gia ya tatu, mizunguko 3500, bila kelele. Mafuta yanakwenda zaidi kuliko zamani, na sioni njia ya kulikwepa hilo, maana pampu ile inazungushwa kwa nguvu ya injini yenyewe. Rafiki yangu wa kava jeusi hajabadili, wala simshauri abadili: yeye ni mtu wa barabara nyoofu, peke yake garini, na mizunguko 7000 ndiyo starehe yake.

Supachaja ina oili yake na kijiti chake cha kupimia, mbali na oili ya injini, na usije ukachanganya. Naikagua kila ninapofanya sevisi. Mkanda wa akiba upo kwenye buti siku zote.