Mirija ya vifuniko vya kijani

Damu ya nguruwe ilitufikia maabara saa nne asubuhi ndani ya kibaridi cha chanjo: mirija 8, pamoja na kipande cha wengu kwenye chupa ya plastiki. Wengu ulikuwa umevimba, mweusi, ukiugusa kwa kibanio unamomonyoka. Homa ya nguruwe ya Afrika, alisema bwana mifugo kwenye simu. Nami niliamini, ila erisipela na salmonela, magonjwa ya bakteria, nayo huyapa masikio ya nguruwe wekundu ule ule, kwa hiyo lazima upime.

Tukatoa DNA kwenye mikrolita 200 za damu ya kila mrija. Kwenye PCR, kipimo kinachonakili DNA mara nyingi hadi ionekane, tuliweka praima (vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia kunakili) za jeni B646L, inayotengeneza protini p72 ya ganda la kirusi, na praima za beta-aktini, jeni ya nguruwe mwenyewe. Mizunguko 45 ilipokwisha, kontroli chanya, yenye jeni ya kirusi, ilikuwa imepanda, yaani jeni imeonekana; kontroli hasi, isiyo nayo, imelala, na damu zote 8 zimelala. Mwenye haraka angeandika "hasi" akaenda kula. Lakini beta-aktini nayo ilikuwa imelala, na damu ya nguruwe haiwezi kukosa jeni ya nguruwe.

Mzee wetu wa maabara akatoa mrija mmoja kwenye friji, akaufuta umande kwa kidole gumba.

"Mwanangu, tazama kifuniko."

Kijani. Heparini, dawa ya kuzuia damu isigande. Inafaa damu ya kuoteshea kirusi kwenye seli, ila mabaki yake yakipita kwenye usafishaji huzuia polimerasi, kimeng'enya kinachonakili DNA, isifanye kazi. Damu ya PCR inatakiwa mrija wa EDTA, kizuia mgando kingine, wenye kifuniko cha zambarau.

Tukazimua ili heparini ipungue nguvu: mikrolita 5 za DNA, 45 za maji safi ya PCR. Wengu nikaukata miligramu 10 tu, si 25 kama tishu nyingine, maana umejaa seli mno na ukizidisha kichujio kinaziba.

Jioni beta-aktini ilipanda kwote. Jeni ya kirusi ilipanda kwenye damu 7, na ya wengu ikatangulia zote, dalili kwamba ndimo kirusi kilimokuwa kingi zaidi. Damu ya nane ilibaki hasi, na safari hii hasi yake niliiamini.

Nikampigia bwana mifugo hapo hapo, kabla sijavua glovu: mizoga ifukiwe, nyama isitoke kijijini, na kesho aje achukue mirija ya zambarau.