Mwenyekiti tumemtoa, ila msidhani ni kazi ya siku moja

Mwakeye ndugu zangu. Toka habari ya kijiji chetu izagae kwenye magrupu ya WhatsApp naulizwa inboksi swali lilelile, eti kweli wananchi wanaweza kumtoa mwenyekiti wa kijiji kabla miaka mitano haijaisha? Wanaweza. Sisi huku mwambao, kusini mwa Kigoma, tumemtoa na hakuna aliyerusha jiwe wala polisi hawakuitwa. Jina lake sitaji na kijiji sitaji, wanaojua wanajua, na ana watoto wanasoma hapahapa.

Kwanza niweke sawa hili. Wanaosema kala hela za kijiji waje na ushahidi, mimi sina. Shida yake ilikuwa moja, hayupo. Alishinda uchaguzi wa Novemba 2024, miezi ya mwanzo alikuwa mtu wa watu kabisa, alafu biashara ya mawese ikamkolea, leo yuko Congo, kesho anashusha madumu Kigoma mjini, kijijini anapita kama mgeni. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa uitishwe kila baada ya miezi mitatu, msomewe mapato na matumizi, muulize, mjibiwe. Sisi ilifika mahali ubao wa matangazo pale ofisini una tangazo la chanjo ya kuku la msimu uliopita tu, na lenyewe jua limeshafuta nusu ya maneno. Huku mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, ushuru unakusanywa kila asubuhi, dagaa wanapakiwa, na hakuna anayejua hela inafanya nini.

Ila kilichowaudhi watu zaidi wala sio mapato, ni muhuri. Si unajua barua ya utambulisho ndo kila kitu, unataka kitambulisho cha NIDA wanataka barua, mtoto kapata chuo wanataka barua, unamdhamini ndugu yako polisi wanataka barua. Sasa mwenyekiti akisafiri muhuri anauacha nyumbani kwenye kopo la majani ya chai. Unaenda pale unamkuta mke wake anakaanga samaki, anafuta mikono kwenye kanga, anatoa muhuri, anaupulizia pumzi kwanza maana kidau cha wino kimekauka, alafu gwaa, anagonga palipoandikwa mwenyekiti. Sahihi anaweka nani? Anaweka yeye. Mama wa watu hana kosa, anatusaidia, lakini jamani huyo hatujampigia kura. Siku kijana mmoja karudishwa na barua yake kule wilayani kwa sababu sahihi haifanani na iliyoko kwenye faili, ndo moto ukawaka.

Sasa hapo wengi wanakosea. Hasira zinapanda, watu wanataka kwenda kufunga ofisi kwa kufuli. Mzee mmoja, mtendaji wa kata mstaafu, akatukalisha chini barazani kwake akasema nyie vijana mkifunga ofisi nyie ndo mtakuwa na kesi, yeye atakuwa na huruma. Akatuelekeza vizuri. Kwamba kijijini chombo cha juu ni mkutano mkuu, yaani kila mkazi aliyefika miaka 18, iko kwenye Sheria ya Serikali za Mitaa Na. 7 ya mwaka 1982. Halmashauri ya kijiji ya watu 15 mpaka 25 iko chini ya mkutano huo, mwenyekiti naye vilevile. Mliomweka mnaweza kumtoa, ila mumtoe mkutanoni, kwa tuhuma zilizoandikwa, naye apewe nafasi ya kujitetea, na muhtasari uandikwe.

Umeshaona kizungumkuti kilipo? Mkutano anauitisha nani? Mwenyekiti. Anauongoza nani? Mwenyekiti. Mtu unayetaka kumng'oa ndo mwenye ufunguo wa mlango. Kwa hiyo tukaandika barua kwa mtendaji wa kijiji, yeye ndo katibu na yeye ni mwajiriwa, hakuchaguliwa, nakala kwa mtendaji wa kata na nyingine kwa mkuu wa wilaya. Barua ya kwanza iliandikwa kwa hasira, imejaa "hajali watu", "ana dharau", "anajiona". Yule mzee akaisoma akaichana. Akasema dharau haina tarehe, andikeni vitu vyenye tarehe. Robo gani haikuwa na mkutano, barua ya nani iligongwa muhuri na nani, mgogoro wa mpaka wa shamba la michikichi ulipelekwa lini na haujasikilizwa. Barua ya pili ikatoka ukurasa mmoja na nusu, haina tusi hata moja, na hiyo ndo iliyomfanya mtendaji wa kata aje na pikipiki yake mwenyewe.

Niseme na hili hata kama kuna watakaonuna. Kati ya waliokuwa wanapiga kelele kuliko wote alikuwemo bwana mmoja aliyeshindwa na huyu huyu mwenyekiti kwenye kura za maoni za chama. Huyo hakuwa na uchungu na muhuri, alikuwa na uchungu na kiti. Ndo maana mimi sikubaliani na wanaosema mwenyekiti atolewe kirahisi tu, watu wakikusanyika basi, hapana, ingekuwa hivyo kila mwezi tungekuwa na mwenyekiti mpya.

Na chama nacho kilikuja. Katibu akaomba haya mambo yamalizwe ndani, kwenye vikao. Hapo mimi nikakataa katakata, maana chama kina mamlaka yake tayari, kikimvua mtu uanachama na cheo kinaweza kwenda. Watu wa Kigoma tunalijua hili vizuri kuliko mkoa wowote. Desemba 2011 NCCR-Mageuzi walimvua uanachama Kafulila, mbunge wa Kigoma Kusini, ubunge ukaponea mahakamani. Machi 2015 Chadema wakamfukuza Zitto Kabwe, akaaga bungeni, jimbo la Kigoma Kaskazini likabaki bila mbunge. Kwenye yote mawili aliyepiga kura pale Uvinza au Mwandiga hakuulizwa kitu. Chama kinaweza kumrudisha mbunge nyumbani, mpiga kura hawezi. Rasimu ya katiba mpya ya Tume ya Warioba, ile iliyokusanya maoni ya wananchi, ya 2013 ilitaka kulirekebisha hilo, wapiga kura wawe na haki ya kumwondoa mbunge, na moja ya sababu ilikuwa kuacha kuishi jimboni zaidi ya miezi sita bila sababu ya msingi. Yaani kama walimwona mwenyekiti wetu. Rasimu ikaingia Bunge Maalum chini ya jirani yetu wa Urambo, marehemu Sitta, Oktoba 2014 ikatoka Katiba Inayopendekezwa na kipengele hicho hakimo. Kenya wanacho, ibara ya 104 ya katiba yao ya 2010, ila sheria ya utekelezaji iliwekewa vigingi mpaka Mahakama Kuu ikafuta baadhi yake mwaka 2017. Kwa hiyo kijiji kwa hili kina meno kuliko jimbo, na watu hawajui.

Siku ya mkutano walijaa, mpaka wavuvi waliacha kutengeneza nyavu. Mwenyekiti alikuja, kavaa kanzu safi, na nampa heshima yake kwa kuja. Akapewa nafasi. Akasema biashara ndo inayomlisha maana uenyekiti hauna mshahara, na hilo ni kweli kabisa, posho yenyewe ya kuombea. Watu wakaanza kulegea, nikaona tumekwisha. Alafu akasimama bibi mmoja wa makamo, muuza mihogo, akasema, "Mwanangu, kutafuta hela sio kosa, mimi mwenyewe natafuta. Ila ulipoona huna nafasi ungetuambia, tungekuitikia vizuri tu. Sasa umetuachia kopo." Watu wakacheka, yeye mwenyewe mwenyekiti akacheka, na kura zilipopigwa za mikono mtendaji hakuhitaji kurudia kuhesabu. Kitu kimoja tulifanya cha maana, kila aliyeingia aliandika jina na sahihi kwenye daftari la mahudhurio kabla ya kukaa, maana bila hilo daftari muhtasari ungepigwa chini wilayani mapema sana.

Kwa sasa anakaimu mjumbe mmoja wa halmashauri ya kijiji tukisubiri uchaguzi mdogo. Muhuri uko ofisini, kidau kipya cha wino kimenunuliwa. Jumamosi kuna mkutano wa mapato na matumizi na mimi nimeomba kitabu cha stakabadhi za mwaloni kiletwe. Mtendaji anasema kiko kwa mkusanya ushuru, mkusanya ushuru anasema kiko kwa mtendaji. Njooni na kalamu.