Usimpe mkono, mpe dumu

Meli ya abiria ya Spice Islander ilizama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, ikitoka Unguja kwenda Pemba, na wavuvi wetu wa Nungwi walikuwa miongoni mwa waliotoka na vyombo vyao kwenda kuokota watu. Baada ya hapo kina mama mtaani kwetu wakaanza kuulizana jambo ambalo hapo nyuma halikuwa na muulizaji: hawa watoto wetu wa kike, chombo kikizama, watafanya nini? Nungwi tunaunda majahazi, tunavua, tunakula samaki asubuhi na jioni, lakini wasichana wengi wa rika langu hawakujua kuogelea. Bahari kwetu ilikuwa pahala pa kuchokoa pweza maji yakipwa. Yakijaa, unarudi nyumbani.

Mimi nilijua, kwa kuwa nilizaliwa katikati ya kaka ambao hawakuweza kuniacha nyuma. Kwa hiyo mwanzoni mwa 2013, nimemaliza kidato cha nne nikisubiri matokeo, jirani yetu mmoja aliyekuwa akisomesha skuli ya msingi alinijia. Yeye mwenyewe maji yakimfika kifuani alianza kusoma dua. Alichokuwa nacho ni wasichana kumi na wawili wa miaka saba hadi tisa, na wazazi aliokwisha kuwashawishi mlango kwa mlango. "Wewe maji unayajua," akaniambia. "Watoto nitakufundisha mimi."

Na kweli alinifundisha. Sharti lake la kwanza lilikuwa nisipige kelele, maana mtoto aliye majini hasikii maneno, anasikia sauti tu, na sauti ya juu kwake ni habari kwamba kuna hatari. La pili, nisitoe amri zaidi ya moja kwa wakati. Ukimwambia mtoto wa miaka saba alale chali, ainue kidevu, atandaze mikono na asiogope, atalishika la mwisho tu, na hilo ndilo asiloliweza. Basi tukaufunga mwendo wote ndani ya neno moja, "nyota". Ukisikia nyota: masikio ndani ya maji, macho mbinguni, tumbo juu, mikono na miguu wazi. Maji ya chumvi hubeba, na pafu lililojaa hewa hubeba zaidi. Kupiga mikono kungekuja baadaye. Anayeweza kuelea ana muda wa kusubiri msaada.

Tulivaa madera na suruali, ushungi umefungwa vizuri, na kwa vifaa tulikuwa na madumu matupu ya mafuta ya kupikia, ya lita tano, yamefungwa vifuniko kwa nguvu. Saa ya somo ilipangwa na bahari yenyewe. Maji hujaa kwa kuchelewa kama dakika 50 kila siku, kwa hiyo Jumamosi moja tulikutana asubuhi, inayofuata jioni, daima maji yakiwa yanaingia, ili mtoto akichukuliwa achukuliwe kuelekea mchangani.

Katika wale kumi na wawili, kulikuwa na mmoja aliyenitoa jasho. Hakuogopa kitu. Ukisema ngojeni, yeye yuko ndani. Ukisema tokeni, yeye anapiga mbizi. Mwenziwe katika jozi alikuwa mdogo kuliko wote, tuliyemwita Kibua, ambaye wiki zote za mwanzo alishika dera langu bila kuliachia. Mimi ningewatenganisha. Mwalimu akakataa, akampa yule mtundu kazi: kila somo awe ndiye wa kuhakikisha dumu la Kibua limefungwa na liko karibu. Niliona anampa cheo asiyestahiki.

Siku ninayoikumbuka ni ile tuliyowaalika wazazi. Kulikuwa na kaskazi, si kali, na chini ya kivuli cha mashua iliyopandishwa nchi kavu walikaa mama na bibi kadhaa. Watoto walitakiwa kuelea wakati Mwalimu anahesabu mpaka mia moja. Nilikuwa upande wa kushoto nikimweka sawa mmoja wao, hesabu imepita arubaini, boti ya watalii ikapita kwa kasi nje kidogo. Mawimbi yake yakafika kwetu matatu mfululizo.

Mstari ukavunjika. Watoto kumi na wawili, mimi nina mikono miwili, na wa mbali kabisa alikuwa Kibua. Huko mchangani bibi mmoja alikwishasimama. Nikaita "Nyota!" mara moja, kwa sauti ileile ya kila Jumamosi, na nikaona matumbo yanapanda juu, moja baada ya jingine.

Kibua hakulala. Alisimama wima ndani ya maji, mdomo usawa wa bahari, kimya. Ndivyo mtu anavyozama; mayowe ni ya walio na pumzi. Yule mtundu alikuwa karibu naye, na nilijua anachotaka kufanya, kwani hata mtu mzima hukimbilia kumshika mwenziwe, akakumbatiwa shingoni wakazama wote wawili. Hakumshika. Alirudi nyuma kidogo, akamsukumia dumu mpaka likamgonga kifuani, akamwambia kwa ukali wa mama mtu, "Shika. Nyota." Kibua akashika. Nilipowafikia, wote wawili walikuwa chali, na mkubwa ananiuliza Mwalimu amefika ngapi.

Mwalimu, ambaye dera lake lilikuwa limelowa mpaka kifuani, alikuwa amefika themanini. Hakuacha kuhesabu.

Nimesimamia watu tangu wakati huo, watu wazima wenye mishahara, na bado kabla ya kazi kuanza huwa namtafuta yule ninayetamani kumweka mbali, nione anaweza kukabidhiwa nini.

Tulipotoka nilitegemea malalamiko. Yule bibi aliyesimama akanijia, akakamua pindo la dera langu kama vile ni nguo ya mjukuu wake, akasema, "Na sisi wachokoa pweza, zamu yetu lini?"

"Jumamosi ijayo, bibi. Lakini kila mtu aje na dumu lake, haya ya lita tano hayatawatosha."

Wenziwe wakaangua kicheko. Mwalimu alikwishatoa daftari, anaandika majina.