Siku moja ICU: kazi yangu ni kugeuza watu

Saa 1:00 asubuhi nakabidhiwa zamu. Wagonjwa sita, manesi watatu. Watu wakisikia niko ICU, wodi ya wagonjwa mahututi, hudhani kutwa nasoma mashine. Nasoma, ndiyo, lakini zaidi nageuza watu, wasipate vidonda vya kulalia.

Saa 2:00 nakagua ngozi. Vitabu vinasema utafute wekundu usiopotea ukibonyeza. Kwa ngozi nyeusi wekundu huo mara nyingi hauonekani, kwa hiyo mkono ndio unaoona: joto, ugumu, ulaini usio wa kawaida. Juu ya makalio, visigino, kisogo, masikio, na pembeni ya mdomo mpira wa kupumulia unapokaa. Kisha alama za Braden, kipimo cha hatari ya kupata vidonda hivyo, 6 hadi 23. Kuanzia 18 kushuka mgonjwa yuko hatarini. Wangu wote wamo. Wa kitanda cha tatu yuko kwenye dawa ya kupandisha presha, na dawa hiyo hiyo inabana mishipa ya damu ya ngozi.

Saa 4:00, saa 6:00: nyuzi 30 kushoto, nyuzi 30 kulia, visigino juu. Mmoja anashika mpira, mwingine anavuta shuka. Kijana mmoja dirishani analalamika: “Sista, mbona mama mnamgeuza kama chapati? Mwacheni apumzike.” Namweleza kwamba akiachwa vile, nyama inayobanwa na mfupa inakosa damu na kuanza kufa. Anaitikia, hajaridhika.

Saa 7:00 naenda kwa mhasibu, na hapo mchana wangu ukaisha. Pampu za magodoro ya upepo, yale yanayopunguza kubanwa kwa ngozi, zimekufa, tumeomba magodoro mapya.

“Sista, godoro moja bei yote hii?”

Nikamuuliza kidonda kimoja kilichofika mfupani kinagharimu kiasi gani. Akafungua kompyuta, akatafuta, hakuna. Hawezi kukiona: gozi za kufungia kidonda ziko stoo, antibiotiki famasi, kukata nyama iliyooza kuko thieta, siku za ziada kitandani ziko bili ya ICU. Na gozi ambazo ndugu walinunua duka la dawa nje ya geti haziko kwenye kitabu cha mtu yeyote. Godoro lina mstari mmoja mnene, kwa hiyo ndilo linaloonekana ghali.

“Basi geuzeni tu, hiyo ni bure.”

Bure! Mgonjwa wa kilo tisini, watu wawili, kila saa mbili, usiku na mchana. Hata godoro likija tutaendelea kugeuza. Mkono wa nesi hauna risiti, ila mgongo wangu unajua bei. Tulibishana mpaka nikaitwa wodini. Akamalizia: “Andika dokezo.”

Kuanzia hapo saa sikuziangalia vizuri. Mmoja akashuka presha, mwingine akaharisha, shuka zikaisha. Visigino vya kitanda cha tatu bado safi, na hilo najivunia.

Dokezo nimelianza nyuma ya karatasi ya zamani ya chati. Nilikuwa nimefika kwenye bei ya gozi, mwenzangu akaita: kitanda cha tano, zamu ya kulia.